Michoro ya saketi ichapishwe pamoja na volti zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua hii ni ndefu. Ukilazimika kuipunguza, nakuomba upunguze maneno uziache namba, maana namba ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Gazeti lako lina ukurasa wa vijana unaochapisha michoro ya saketi ndogo za elektroniki: taa ya kuwaka na kuzima, king'ora cha maji, kikuza sauti cha transista mbili. Hapa nyumbani ukurasa huo hukatwa kwa mkasi kabla mtu mwingine hajalisoma gazeti. Mkataji ni mjukuu wangu, msichana wa miaka 14. Mimi nilikuwa fundi redio kwa miaka 31. Nimestaafu, ila testa zangu mbili za kupimia umeme, ya mshale na ya namba, bado ziko mezani na hazipitishi wiki bila kuguswa.

Mchoro ulionifanya niandike ni ule wa taa inayowaka na kuzima kwa chipu ya 555, ile ya kupanga muda. Mjukuu wangu aliiunda saketi hiyo kwenye ubao wa majaribio, ule wa plastiki wenye matundu, akaunga betri ya volti 9. Taa ikawaka. Ikabaki inawaka, haikuzima. Akakagua nyaya kwa macho, akalinganisha na mchoro, akarudia, akarudia tena. Kisha akafanya wanachofanya karibu wote wanaoanza: akang'oa chipu akatia nyingine. Taa ni ileile. Akatia ya tatu. Ndipo akaja kwangu na chipu mbili kiganjani, machozi yanamlengalenga.

"Bibi, zote zimekufa."

Nikamuuliza swali moja: umepima nini? Akanyamaza. Hakuwa amepima chochote, wala si kosa lake. Katika mchoro mliouchapisha hakuna hata namba moja ya kupimia. Upo mchoro wenyewe, ipo orodha ya vifaa, ipo picha ya taa ikiwaka. Saketi ikikubali, kijana anafurahi. Ikikataa, hana pa kushika.

Tukawasha testa ya namba, tukaiweka kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ncha nyeusi tukaibana kwenye hasi ya betri ikae hapohapo. Ncha nyekundu nikampa yeye, nikamwambia aguse miguu ya chipu yenyewe, si matundu ya ubao, kwa sababu tundu linaweza kuwa na umeme na mguu uliomo ndani yake usiupate. Vibanio vya ndani ya ubao hulegea kwa kutumika. Mguu wa 8, unaoingiza umeme: 8.9. Mguu wa 1, wa hasi: 0.0. Mguu wa 4, ambao ukishushwa chini chipu husimama: 8.9. Mguu wa 5: 5.9. Hapo nikamsimamisha.

"Chipu hii haijafa," nikamwambia.

Akanitazama kama aliyeambiwa habari za ramli. Nikamchorea. Ndani ya 555 kuna rezista tatu, yaani vizuizi vya mkondo, zilizofuatana kutoka chanya mpaka hasi, kila moja ina takriban kilo-omu 5. Zinaigawa volti ya betri mafungu matatu yaliyo sawa. Mguu wa 5 umetoka kwenye alama ya theluthi mbili, na theluthi mbili ya 8.9 ni 5.9. Kwa nje mguu huo umefungiwa kapasita ndogo tu, kile kifaa cha kuhifadhi chaji, iendayo kwenye hasi, kwa hiyo volti zile hazikuletwa na waya wowote. Zimetoka ndani ya chipu. Huo si ushahidi wa mwisho kwamba kila kitu humo ni kizima, lakini ni ushahidi, na kabla ya hapo tulikuwa tunakisia.

Tukaendelea. Mguu wa 2: 8.8. Mguu wa 6: 0.0, na tarakimu ya mwisho ikichezacheza. Sasa ikawa zamu yake kunisimamisha mimi.

"Lakini Bibi, 2 na 6 zimeunganishwa."

Kwenye mchoro, ndiyo. Kwenye ubao pia kulikuwa na waya mfupi wa njano uliotoka mguu wa 2 ukaruka juu ya chipu mpaka mguu wa 6, na mtu yeyote mwenye macho angeapa kwamba miguu hiyo imeunganishwa. Ila vitu viwili vilivyoungwa kwa waya mzima haviwezi kuwa kimoja na volti 8.8 na kingine sifuri. Tukauchomoa, tukaupima upande wa omu. Testa haikuona njia. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya plastiki karibu na ncha, pale waya unapopindwa kila siku, na kwa nje haukuonyesha hata mkunjo.

Kila kitu kikajieleza. Katika saketi hii kapasita hujazwa polepole, na mguu wa 6 ndio unaoingojea ifike theluthi mbili ili taa izimwe na kapasita ianze kumwagwa. Kapasita ilifika theluthi mbili, ikapita, ikajaa hadi ukingoni, na mguu wa 6 haukuona kitu. Taa ingezimwa na nani? Tukatia waya mwingine. Taa ikaanza kuwaka na kuzima, mara moja kwa sekunde, kama mlivyoahidi gazetini. Baada ya hapo tukazirudisha zile chipu mbili moja baada ya nyingine. Zote nzima.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni hili. Kila mnapochapisha mchoro wa saketi, andikeni pembeni mwa sehemu nne au tano volti ambazo mtu anatakiwa kuzikuta pale, saketi ikiwa inafanya kazi. Mwandishi wa mchoro ameiunda saketi hiyo mwenyewe kabla ya kuileta kwenu, au angalau ndivyo inavyopasa. Basi kabla hajaivunja, achukue testa, apime, aandike. Ni kazi ya dakika kumi. Kwenye ukurasa haichukui hata mstari mmoja.

Wala sibuni jambo jipya. Nilipoanza ufundi, michoro ya redio tuliyoipata ilikuwa na volti zimeandikwa kwenye miguu ya kila transista: kolekta kadhaa, bezi kadhaa, emita kadhaa. Michoro ya redio za valvu, iliyotangulia hiyo, nayo ilikuwa hivyohivyo. Fundi hakuhitaji kuijua redio nzima. Aliishika katikati. Kama volti za katikati ni sahihi na sauti haitoki, ugonjwa uko mbele. Kama ni mbaya, anarudi nyuma. Kisha anagawa tena nusu iliyobaki. Ugonjwa wa redio ya hatua nane ulikuwa unapatikana kwa vipimo vitatu au vinne, na tulikuwa hatubadilishi kifaa mpaka namba imetuonyesha kidole. Sielewi kwa nini desturi hiyo imeachwa hasa mahali inapohitajika zaidi, kwa mtoto anayejifunza peke yake.

Najua pingamizi moja, kwa sababu mafundi wenzangu wameniambia usoni. Wanasema ukimpa mwanafunzi majibu, hatafikiri. Mimi nasema volti iliyoandikwa si jibu. Mjukuu wangu alipokuta 8.8 na 0.0 hakuambiwa kwamba waya umekatika. Ilimbidi afikiri kwa nini namba mbili zinazotakiwa kuwa moja zimetofautiana, na aliyefikiri ni yeye, mimi nilikuwa nimekaa. Asiyefikiri ni yule anayeng'oa chipu na kutia nyingine, kwa sababu amenyimwa kitu cha kufikiria.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: vifaa havilingani, betri hazilingani, kwa hiyo volti za mwandishi si za msomaji. Kweli. Rezista za kawaida zina ruhusa ya kukosea asilimia 5, na kapasita za elektrolaiti mara nyingi asilimia 20. Taa mliyoandika kwamba itawaka mara moja kwa sekunde, kwa mwingine itachukua sekunde 0.8 na kwa mwingine 1.2, na wote wawili wako sawa. Lakini tazameni uzuri wa 555. Vipimo vyake vikuu ni mafungu ya betri. Betri ikichoka ikashuka mpaka 8.1, mguu wa 5 utakuwa 5.4, na taa haitabadili mwendo kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu kapasita inajazwa na betri ileile iliyochoka na inapimwa kwa fungu la betri hiyohiyo. Hans Camenzind, aliyeibuni chipu hii mwaka 1971, aliliwekea msingi huo, na kampuni ya Signetics ilipoanza kuiuza mwaka 1972 ilipata wateja ambao mpaka leo hawajaisha. Kwa saketi kama hiyo msiandike volti 6. Andikeni theluthi mbili ya betri. Kijana atapata kupima, atapata na hesabu.

Kuna jambo lingine dogo ambalo likisahauliwa namba zote zitaleta ugomvi. Mwandishi aseme alipima kwa testa gani. Niliwahi kumfanyia mjukuu wangu jaribio hili: tulifunga rezista mbili za mega-omu 1 zikifuatana kwenye volti 9 kamili, na katikati kwa hesabu panatakiwa kuwe na 4.5. Testa ya namba, yenye ukinzani wa ndani wa mega-omu 10, ilionyesha 4.3. Testa yangu ya mshale, ya omu 20,000 kwa kila volti, ikiwa kwenye kipimo cha volti 10, ilionyesha 1.3. Saketi ni moja, nukta ni moja. Testa zote mbili ni nzima. Ukipima, testa nayo inakuwa kifaa ndani ya saketi. Ile ya mshale ilikuwa sawa na kufunga rezista ya kilo-omu 200 sambamba na ya chini. Michoro ya zamani ilikuwa na maelezo hayo kwenye kona, kwa herufi ndogo, na sisi tuliyasoma kabla ya kitu kingine.

Nisimulie pia la kwangu, kwa sababu linahusu michoro mnayochapisha yenye transista. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nililetewa redio ndogo ambayo transista moja ya sauti ilikuwa imekufa kweli. Sikuwa na ile yenyewe. Nikatia nyingine ambayo jedwali lilisema ni badala yake: aina ileile ya NPN, uwezo uleule, umbo lilelile jeusi lenye ubapa upande mmoja. Redio ikaongea, lakini sauti hafifu yenye kukwaruza. Nilibadilisha kapasita. Nilibadilisha spika. Nilipoteza siku mbili. Siku ya tatu nikafungua mchoro nikapima kolekta. Ilitakiwa iwe volti 4.5, nami nikakuta 7.6. Transista ilikuwa haivuti mkondo wa kutosha. Nikatafuta waraka wa mtengenezaji, nikakuta miguu ya pembeni imebadilishana: kilichokuwa kolekta kwenye ile ya kwanza kilikuwa emita kwenye hii.

Transista iliyogeuzwa hivyo haifi papo hapo, na hapo ndipo mtu anapopotea. Inaendelea kukuza, lakini mara chache tu badala ya mara mia au zaidi, kwa hiyo dalili ni unyonge, na unyonge humfanya mtu atafute kila mahali. Leo vijana wanakutana na mtego huohuo. Ukiishika BC547 ubapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, bezi, emita. Ishike 2N3904 vivyo hivyo: emita, bezi, kolekta. Zinafanana kama mapacha. Hata jina moja halitoshi, kwa sababu PN2222A na P2N2222A, ambazo mtu anaweza kuzisoma haraka akadhani ni kitu kimoja, miguu yake imekaa kinyume. Mnapochapisha transista, basi, chapisheni na picha ya miguu ya hiyohiyo mliyoitumia, na volti ya kolekta. Volti ya kolekta peke yake ingeniokolea siku zangu mbili.

Sitaki mtu adhani kwamba nadai volti zinafichua kila ugonjwa. Hazifichui. Kijana mmoja, jirani yetu, aliniletea kigari alichokiunda: mota ndogo, chipu yenye programu, na regyuleta ya 7805 inayotuliza umeme kwenye volti 5, vyote kwenye betri moja ya mstatili ya volti 9. Kila mota ilipoanza kuzunguka, programu ilirudi mwanzo. Tulipima mguu wa kutokea wa regyuleta tukapata 5.0. Mota ikianza, testa ilionyesha 4.9, halafu 5.0 tena. Kwa namba hizo hakuna ubaya. Ila testa ya namba hukusanya na kuonyesha mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na kitu kilichotokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde humezwa humo. 7805 inahitaji kuingiziwa takriban volti 2 zaidi ya inazotoa, yaani 7. Betri ile ya mstatili ina ukinzani wa ndani usio mdogo, na mota inapoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Betri huanguka kwa kitambo kifupi, regyuleta huanguka nayo, chipu hupoteza fahamu. Mwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika, angeliona shimo hilo waziwazi. Sisi hatukuwa nayo, basi tukatenganisha: mota tukaipa betri yake, chipu ikabaki na yake, hasi za betri mbili tukaziunga pamoja. Programu haikurudi mwanzo tena. Testa haikuona, lakini kutenganisha kulithibitisha.

Kwa hiyo penye mota, rilei (swichi inayovutwa na koili) au redio ya kurusha mawimbi, mwandishi aongeze sentensi: hapa testa itakudanganya, tumia betri ya pili. Na kwenye koili ya rilei aoneshe dayodi ya kinga, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, na jinsi inavyoelekezwa, ule mstari kwenye dayodi uelekee chanya, kwa sababu koili inapokatiwa mkondo hurudisha volti nyingi mno na transista inayoiendesha ndiyo inayolipa.

Nina neno pia kwa wanaobuni michoro hiyo, na naomba walipokee kwa moyo mwema, maana bila wao mjukuu wangu asingekuwa na cha kukata. Andikeni hesabu ya angalau rezista moja. Katika mchoro wa taa kuna rezista ya omu 470 mbele ya LED, yaani ile taa yenyewe. Kwa nini 470? Mjukuu wangu alipiga hesabu kwa njia aliyofundishwa: betri 9, LED nyekundu inakula 2, zinabaki 7, kugawa kwa 470 ni miliampea 15. Alipopima volti za juu ya rezista akakuta 5.5, yaani miliampea 12 hivi, akadhani amekosea tena. Hakukosea. Mguu wa 3 wa 555 ya kawaida hautoi volti zote za betri; ukiwa juu hubakiza zaidi ya volti 1 ndani ya chipu. Mbuni analijua hilo, na pengine ndiyo sababu alichagua 470 asichague kubwa zaidi, lakini hakumwambia mtu. Sentensi moja ingemfundisha mtoto kwamba kifaa halisi si kile cha kwenye hesabu ya darasani, na kwamba tofauti hiyo inaweza kujulikana mapema na kuwekwa kwenye mahesabu. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa kubuni. Kabla hujaunga waya, uwe umeandika volti unazozitarajia kila mahali. Saketi ambayo mwenyewe huwezi kusema pale katikati patakuwa na volti ngapi, hujaibuni bado.

Mkikubali ombi langu, watoto watapima, na wakipima kuna mambo mawili nisiyoweza kuyaacha. La kwanza ni tundu la ampea kwenye testa. Ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu hilo, testa ni kama kipande cha waya, na ukiigusisha kwenye betri ili upime volti umepiga shoti. Fyuzi ya ndani huungua ukiwa na bahati. Mkumbusheni msomaji kila mara: kabla ya volti, tazama ncha imeingia wapi. Na upande wa omu utumike betri ikiwa imetolewa.

La pili nalisema kwa uzito wote. Kwenye ukurasa wa vijana msichapishe kamwe saketi inayochomekwa ukutani, na zaidi ya zote ile isiyo na transfoma, inayopunguza umeme kwa kapasita na rezista tu. Naona michoro ya namna hiyo ikisifiwa kwa sababu vifaa vyake ni vichache. Katika saketi hiyo hata upande unaoitwa wa volti 5 umeungana na nyaya za ukutani, na kila nukta inaweza kuua. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita unafika volti 325, na kapasita hubaki nazo hata baada ya plagi kuchomolewa. Nimeona mkono wa fundi mzoefu uliochomwa hivyo. Mtoto aliyeambiwa kwamba kupima ni kuzuri ataingiza ncha ya testa humo kwa imani kabisa. Betri, basi. Betri peke yake zina mambo ya kutosha kumfundisha mtu miaka kumi.

Ili nisiwe wa kuomba tu, nawaletea vipimo vya mchoro wenu wa taa, ili mkipenda mvichapishe kwa faida ya wale ambao taa zao hazijazima mpaka leo. Amevipima mjukuu wangu, mimi nikiandika. Rezista ni kilo-omu 10 kati ya mguu wa 8 na wa 7, kilo-omu 68 kati ya wa 7 na wa 2, kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka mguu wa 2 kwenda hasi. Kwa hesabu, taa huwaka sekunde 0.54 na kuzima sekunde 0.47.

Mguu wa 8 na wa 4: 8.9. Mguu wa 5: 5.9. Mguu wa 2 na wa 6: hupanda kutoka 3.0 hadi 5.9 na kushuka tena, na sharti iende pamoja. Ikitofautiana, kagua waya unaoziunga. Mguu wa 7: zaidi ya 8 taa ikiwa imewaka, karibu na sifuri ikiwa imezima. Mguu wa 3: 7.5 taa ikiwaka, 0.1 ikizima. Juu ya LED nyekundu yenyewe: 2.0. Kwa sababu namba hizi hazitulii, mpimaji aongeze kapasita ya maikrofaradi 100 sambamba na ile ya 10. Taa itakwenda taratibu, sekunde 11 hivi kwa mzunguko, na testa itawahi kusoma. Akimaliza aiondoe.

Testa ni ya namba, ya mega-omu 10. Ncha nyeusi ilikuwa kwenye hasi ya betri muda wote. Betri siku hiyo ilikuwa na 8.9.

Wako katika ujenzi wa maarifa,
Bibi, fundi redio mstaafu